Mipira 174 ya Gavaskar, na Sisi Tuliomfungua

Tarehe 7 Juni 1975, katika uwanja wa Lord's jijini London, Sunil Gavaskar wa India alisimama mbele ya wiketi tangu ova ya kwanza mpaka ya 60. Alikabili mipira 174, akapata mikimbio 36, na hakuna aliyemtoa. Uingereza walikuwa wamekusanya 334. India ikaishia 132. Saa zote hizo, Gavaskar aliufikisha mpira mpakani mara moja tu.

Hiyo ilikuwa siku ya ufunguzi wa Kombe la Dunia la kwanza la kriketi. Msomaji asiyeufuata mchezo huu amfikirie mshambuliaji anayerudisha mpira kwa kipa wake dakika zote tisini, timu ikiwa nyuma kwa mabao sita.

Nilikutana na takwimu hizo nikitafuta kitu kingine kabisa. Sisi wa Mwananyamala, Dar es Salaam, tunaijua Leaders Club kwa muziki, na kwa ile Aprili ya 2012 mwigizaji Steven Kanumba alipoagwa pale. Kwamba kriketi nayo imechezwa kwenye nyasi zile, wengi hawana habari. Basi nikawa namtafuta Mtanzania aliyewahi kufika Kombe la Dunia la mchezo huo. Kabla sijampata, Gavaskar akanikamata.

Mwenyewe hakujitetea sana. Katika kitabu chake Sunny Days, kilichotoka mwaka uliofuata, anakiri kwamba hajawahi kucheza vibaya kuliko siku ile. Anasema kuna nyakati alitamani kusogea kando ya wiketi, auache mpira uzibomoe, ili mateso yaliyokuwa kichwani mwake yaishe. Kuongeza kasi alishindwa; kutoka nako alishindwa. Kufikia mwisho alikuwa anacheza kama mashine. Miaka mingi baadaye aliongeza jambo linalouma zaidi: mwanzoni kabisa mpira uligusa ukingo wa gongo lake na kudakwa nyuma, lakini Waingereza hawakudai atolewe. Angeondoka kwa hiari yake, yote yaliyofuata yasingetokea. Amekuwa akijiuliza kwa nini hakuondoka.

Nami najiuliza. Meneja wa timu, Ramchand, alimlaumu hadharani. Wako waliohisi ni mgomo wa kimyakimya, wako walioona ni ubinafsi wa mtu anayelinda wiketi yake. Kwangu mimi, maelezo ya Gavaskar yanaaminika kwa sababu hayampambi. Fundi anaweza kufungwa na ufundi wake mwenyewe. Mwaka 1971, akiwa kijana wa miaka 21, alivuna mikimbio 774 katika mechi nne za Test, zile za siku kadhaa, dhidi ya West Indies, kwa subira ileile ya kuuacha mpira wa hatari upite. Mechi ya London ilimtaka asiwe na subira, tena kwa siku moja.

Siku nne baadaye, Juni 11, India ilikwenda Leeds kukutana na Afrika Mashariki, timu ya wachezaji wa ridhaa kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, chini ya nahodha Harilal Shah. Na hapo ndipo nilipompata Mtanzania wangu: Praful Mehta. Alipata mikimbio 12 kabla ya kutolewa akiwa mbioni. Jawahir Shah wa Kenya ndiye aliyejitahidi zaidi, 37. Bishan Bedi alirusha ova 12, nane kati ya hizo bila kutoa mkimbio hata mmoja, na kwa jumla alitoa mikimbio sita tu. Tukatoka wote kwa 120.

Halafu Gavaskar akaingia na Farokh Engineer. Mtu yuleyule aliyekuwa amefungwa minyororo Lord's akapata 65 kwa mipira 86, hakutolewa. Engineer akapata 54. India ikafika 123 bila kupoteza wiketi, na huo ukawa ushindi wake wa kwanza katika Kombe la Dunia. Miaka minane baadaye, Gavaskar akiwa kikosini, India ilikuwa bingwa wa dunia.

Yaliyobaki yanajulikana. Machi 1987 alikuwa mtu wa kwanza duniani kufikisha mikimbio 10,000 katika Test. Alistaafu Test akiwa na 10,122 na mara 34 za kuvuka mia. Oktoba mwaka huohuo, huko Nagpur, aliwachapa New Zealand 103 kwa mipira 88, mia yake pekee katika mechi za siku moja. Kwa hiyo kasi aliijua. Ilikuwa wapi siku ile ya Lord's? Hata yeye hana jibu.

Sisi tunalo letu la kujibu. India inaukumbuka ushindi wa Leeds; sisi hata kushindwa kwetu tumekusahau. Mwaka 2019, jijini Kigali, Fatuma Kibasu aliipatia Tanzania mikimbio 108 bila kutolewa dhidi ya Mali, na vijiwe vya Mwananyamala viliendelea kubishania Simba na Yanga. Wazee wa Upanga na Kinondoni mliocheza miaka ile, au mliowajua waliokwenda Uingereza: toeni picha kabatini, wasimulieni vijana wanaofundishwa kriketi leo. Kadi ya matokeo inasema Mehta, 12. Haisemi alikuwa mchezaji wa namna gani, na hilo mnalijua ninyi.