Breki za tela zikilegea, pima umeme kwanza

DEREVA anashuka mlima na pikapu yake, nyuma anavuta tela la malazi lenye uzito wa tani mbili. Anakanyaga breki na kuhisi tela linamsukuma badala ya kumsaidia kusimama. Akifika salama, fundi anamwambia anunue kontrola mpya. Anainunua, lakini safari inayofuata anasukumwa vilevile.

Hilo huwapata wengi wenye matela ya breki za umeme, ambayo yametapakaa Marekani, Kanada na Australia. Breki hizo haziko kwenye matela ya malazi tu. Matela ya kubebea ng'ombe, farasi na mizigo ya shamba katika nchi hizo yanazo pia, hivyo anayenunua tela la mtumba kutoka huko anaweza kukutana nazo. Ulaya ni tofauti, kwani matela mengi ya huko hujifunga breki yenyewe pale tela linaposukuma gari.

Breki ya umeme haina bomba la mafuta. Kontrola iliyo karibu na usukani hupeleka umeme kwenye sumaku iliyo ndani ya kila gurudumu. Sumaku hunasa uso wa dramu inayozunguka, ikaburutwa nayo na kuvuta mkono unaotanua viatu vya breki. Umeme ukipungua, sumaku hunasa kwa ulegevu.

Ndiyo maana kipimo cha kwanza ni cha umeme. Katika breki za kawaida za inchi 10 hadi 12, kila sumaku hula takriban ampia 3 kwenye volti 12. Tela la ekseli mbili lenye breki nne linatakiwa kuvuta kama ampia 12. Mita iunganishwe katikati ya waya wa breki, injini ikiwa imewashwa, kisha kontrola ibonyezwe kwa mkono hadi mwisho. Ikisoma 9, yaelekea sumaku moja haipati umeme. Ikisoma pungufu kidogo kwa zote, shaka iende kwenye nyaya.

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea bure. Waya wa milimita 1.5 za mraba, wenye meta 10 kwenda na meta 10 kurudi, ukilisha breki nne, volti 12 zinazotoka mbele hufika kwenye sumaku zikiwa chini ya 10. Karibu moja ya tano ya nguvu imeishia njiani kama joto. Ukiwekwa waya wa milimita 6, zinafika volti 11 na ushee. Bei ya waya huo hailingani na ya seti ya sumaku, sembuse kontrola.

Ethi nayo isisahauliwe. Matela mengi hutegemea boliti iliyofungwa kwenye fremu, na fremu hushika kutu. Isuguliwe kwa msasa mpaka chuma king'ae, au bora zaidi uvutwe waya wa ethi hadi kwenye plagi. Mahali pengine pa kuchungulia ni ndani ya bomba la ekseli, ambako waya wa kuvuka upande wa pili hucheza na kujichubua hadi kugusa chuma.

Umeme ukiwa sawa na breki bado ni dhaifu, tela lipigwe jeki na kuegeshwa kwenye stendi. Nyuma ya gurudumu kuna tundu la kufikia nati ya kurekebishia viatu. Ikazwe mpaka gurudumu liwe gumu kuzungushwa, halafu ilegezwe hadi lizunguke huku viatu vikigusa kwa mbali sana. Kazi hii hurudiwa kila baada ya kilometa 5,000 hivi, na wengi hawaifanyi kabisa.

Dramu ikifunguliwa na kukutwa grisi kwenye viatu, sili imepasuka. Kuosha kwa petroli hakusaidii, kwa sababu grisi imekwishanyweka. Viatu vibadilishwe pamoja na sili, na viatu vya upande wa pili vibadilishwe pia ili tela lisivute upande mmoja.

Australia, tela lenye uzito unaozidi kilo 750 ni lazima liwe na breki. Likizidi tani mbili, kila gurudumu liwe na breki, na pia kuwe na kifaa cha kuzifunga zenyewe tela likichomoka. Kifaa hicho hutegemea betri ndogo ya telani, nayo ipimwe siku hiyo hiyo mita ikiwa mkononi.