Unga wa Mbao Si Takataka

Mzee mmoja wa skimu alifika ofisini kwetu na gunia la unga wa mbao begani. "Bwana Karani," akasema, "nimepasua mikaratusi yangu kumi. Jirani wa bondeni amenikataza kumwaga unga huu mtoni, maana ng'ombe wake hunywa maji hayo. Niutupe wapi?"

Wakulima, jirani yule alikuwa na haki. Lakini liko jibu jema kuliko kutupa.

Fikirini nyumba ya fito iliyokandikwa udongo. Mti nao umejengwa hivyo. Fito zake ni nyuzi za selulosi, ambayo Mfaransa Anselme Payen aliitambua mwaka 1838. Udongo wake ni lignini, gundi inayoshika nyuzi hizo. Karibu nusu ya mti mkavu ni selulosi, nayo ndiyo hutengenezwa karatasi na nguo za rayoni. Kazi yote ni kubandua udongo bila kuvunja fito.

Njia iliyoenea ni ya Carl Dahl, aliyeipatia hati mwaka 1884. Vipande vya mti hupikwa kwa soda kali na dawa yenye salfa. Nyuzi hutoka imara, lakini moshi hunuka kama mayai viza, na maji machafu yakifika mtoni huua samaki. Watu wa Webuye waliijua harufu hiyo kabla kiwanda chao cha karatasi hakijafungwa mwaka 2009.

Iko njia isiyotumia salfa. Mti hupikwa kwa maji na spiriti ya ethanoli katika chombo cha chuma kilichofungwa kabisa, joto likikaribia digrii 200. Lignini huyeyuka, selulosi hubaki. Mvuke wa spiriti hupozwa, ukatumika tena. Lignini nayo huokolewa kwa kutengeneza gundi. Mwaka 1989 kiwanda cha majaribio kilianza kazi hiyo Newcastle, New Brunswick, nchini Kanada, kwa miti ya majani mapana. Hakikudumu miaka kumi, na mitambo ya namna hii ni ghali.

Msijaribu jambo hili jikoni; mvuke wa spiriti hulipuka! Fanyeni haya:

Kwanza, tengeni unga na mabanzi, mkaviweke pakavu, mbali na moto. Nyuzi za unga zimekatwa fupi na msumeno. Za mabanzi ni nzima, hufaa zaidi kwa karatasi.

Pili, tandikeni unga zizini mwa ndama. Ukishalowa, uozesheni pamoja na samadi kabla ya kuupeleka shambani, maana unga mbichi huyanyang'anya mahindi naitrojeni.

Tatu, akija mnunuzi wa kiwanda, msiulize bei tu. Ulizeni pia: "Mnapika kwa dawa gani? Maji yake yanakwenda wapi?"

Yule mzee alibeba tena gunia lake. Sasa ndama wake wanalala pakavu, na ng'ombe wa jirani wanakunywa maji safi.