Mzee Anaposahau: Sauti Ipimayo Damu ya Ubongo

Tumfikirie bibi mmoja wa Nyakato, Musoma, aliyelea wana na wajukuu. Juzi alisali Adhuhuri mara tatu, na kila mara alidhani hajasali bado. Jana alipotea njia ya kurudi kwake. Leo amemwita mwanawe kwa jina la marehemu mumewe. Jirani mmoja anong'ona kwamba ana shetani. Mwingine, mwenye ulimi mbaya zaidi, ataja uchawi. Ndugu wasomaji, kwa neno hilo la mwisho vikongwe wengi wa Kanda ya Ziwa wameuawa bila ya hatia.

Nasi Waislamu hatuna udhuru wa kutojua. Katika Sura An-Nahl na Sura Al-Hajj twafundishwa kwamba baadhi yetu tutafikishwa umri ambao elimu humtoka mtu. Basi hali hiyo si uchawi. Matabibu huiita demensia. Uchunguzi wa vijiji vya wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliotangazwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba katika kila wazee 100 wa miaka 70 na zaidi, 6 hivi walikuwa nayo.

Yapo maradhi mengi yaletayo usahaulifu huo, na mojawapo ni mishipa ya damu ya ubongo kuharibika. Hapo ndipo chombo cha ultrasaundi kiwezapo kusaidia. Mwaka 1982 Rune Aaslid na wenzake walionyesha njia ya kupima mwendo wa damu ndani ya fuvu bila ya kulipasua. Chombo huwekwa panjani, mbele ya sikio, mahali penye mfupa mwembamba. Hupeleka sauti ya mitetemo milioni 2 hivi kwa sekunde, isiyosikika kwa masikio yetu. Sauti hiyo hugonga chembe za damu na kurudi imebadilika, na kwa badiliko hilo tabibu hujua damu yaenda kwa kasi gani. Ikienda polepole, au mishipa ikiwa migumu, hiyo ni dalili ya kufuatwa.

Lakini tusidanganyane. Chombo hiki hakioni usahaulifu wenyewe, wala hakitoi hukumu peke yake. Kwa wazee wengine, hasa wanawake, mfupa ni mnene hata sauti isipenye. Kwanza tabibu humhoji mgonjwa na jamaa zake, humpima kumbukumbu, shinikizo la damu, na damu yenyewe. Kwani usahaulifu mwingine hutokana na tezi, upungufu wa vitamini, huzuni au dawa, na huo huweza kutibika.

Wala ufundi huu si mgeni kandoni mwa ziwa letu. Huko Bugando, Mwanza, umetumika kwa watoto wenye selimundu, ili wajulikane walio katika hatari ya kiharusi na kupewa dawa mapema.

Enyi vijana, Sura Al-Isra yatukataza hata kuwaguna wazazi waliozeeka mikononi mwetu. Bibi akiuliza neno moja mara kumi, tumjibu mara kumi. Tumfikishe kwa tabibu, tumkinge na ndimi za majirani, wala tusimkemee akikosea rakaa, kwani aliyeondokewa na akili hahesabiwi dhambi. Yeye alitufundisha kutia udhu. Leo ni zamu yetu kumshika mkono.

Wabillahi tawfiq.