Mbwa Asiyenyonyoka, na Mate Yake

Mji wa Kale wa Mombasa ni mji wa paka. Wamejaa vibarazani Ndia Kuu, wanangoja vichwa vya samaki karibu na bandari ya zamani, na hakuna anayewauliza usiku wanalala wapi. Mbwa ni habari nyingine. Waislamu wengi wa pwani hufuata madhehebu ya Imam Shafi, na katika fikihi yao mbwa ni najisi nzito: chombo alichokilamba huoshwa mara 7, moja kwa udongo. Mbwa wa kulinda, wa kuwinda au wa kuchunga mifugo anaruhusiwa, ila mahali pake ni nje, na nyumba za Mji wa Kale, zilizogusana ukuta kwa ukuta, hazina hiyo nje. Ukitaka kumwona mbwa wa kufugwa kisiwani, nenda Kizingo, Tudor au Ganjoni penye nyumba zenye ua, ama uvuke daraja hadi Nyali.

Huko ndiko linakoulizwa swali la makala haya: mbwa yupi hanyonyoki manyoya? Anayeuliza huwa na moja ya sababu mbili. Pengine amechoka kuokota nywele kochini na kwenye mabawa ya feni. Au ndani ya nyumba kuna mtu mwenye pumu, au mwenye mzio anayepiga chafya na kuwashwa macho kila akikaribia mnyama. Wauzaji huzitibu sababu zote mbili kwa dawa moja: nunua Poodle, au chotara wa Poodle. Kwa mwenye kuhangaikia kochi, dawa hiyo inafanya kazi. Kwa mwenye pumu, ushahidi hauko upande wa muuzaji.

Tuanze na kochi. Unywele wa mbwa hukua, husimama, kisha hung'oka ili kuupisha mwingine. Tofauti kati ya mbwa na mbwa ni muda wa kila hatua. Katika mbwa wengi, nywele nyingi ziko katika hatua ya kusimama, hazikui tena, zinangoja tu kutoka. Ukimpapasa zinabaki mkononi. Nywele za Poodle hukua kwa muda mrefu sana kabla ya kusimama, ndiyo maana hazianguki ovyo, na ndiyo maana asipokatwa zitamfunika macho. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani, Edouard Cadieu na Elaine Ostrander pamoja na wenzao, walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kupima mbwa zaidi ya 1,000 wa jamii 80. Jeni 3 tu, RSPO2, FGF5 na KRT71, zilitosha kueleza sehemu kubwa ya tofauti za manyoya: urefu, mawimbi, na zile nyusi na masharubu yanayompa mbwa sura ya babu. Utafiti mwingine wa mwaka 2016 uliihusisha RSPO2, pamoja na jeni ya MC5R, na kiasi cha nywele zinazoanguka. Kwa hiyo mnunuzi anaweza kuanza kwa kumtazama mbwa usoni. Mwenye masharubu na nyusi ndefu kwa kawaida hanyonyoki sana.

Upande wa pili yuko German Shepherd, mlinzi wa mageti mengi ya Kizingo, mwenye tabaka mbili za manyoya: ya juu magumu, na ya chini mengi na laini kama sufi. Ujerumani alikotoka, mwili wake hupokea habari za misimu kutoka kwa mwanga. Mjini Berlin siku ndefu kabisa ya mwaka huizidi fupi kabisa kwa saa 9 na kitu. Mombasa, digrii 4 kusini mwa ikweta, tofauti hiyo haifiki hata nusu saa. Mbwa hapati ishara kali ya kubadilisha koti mara mbili kwa mwaka, basi analipunguza kidogo kidogo, Januari hadi Desemba. Anayemfuga ndani ya nyumba afagie kila siku na asilalamike.

Ila koti lisilonyonyoka nalo lina gharama yake hapa pwani. Mbwa hana jasho la kumsaidia isipokuwa kidogo kwenye nyayo; hupoa kwa kutweta, na hewa ya Mombasa yenye unyevu mwingi huuchelewesha mvuke wa ulimi wake. Nywele zilizokufa ambazo hazikuanguka hubaki zimenasa ndani ya zile hai, na msimu wa mvua za masika zinakuwa mafundo yanayohifadhi maji, ngozi ikaanza kuoza chini yake. Kupe hupenda maficho hayo. Poodle wa Mombasa anataka kuchanwa mara kwa mara na kunyolewa kila baada ya wiki chache, na kama huna fundi wa kazi hiyo jirani, mkasi utaushika wewe.

Sasa mzio. Kinachomwasha mtu si unywele. Ni protini ambazo mbwa hutengeneza kwenye mate, ngozi na mkojo, na hadi sasa zilizoorodheshwa rasmi ni 8, kuanzia Can f 1 hadi Can f 8. Ya kwanza ndiyo maarufu zaidi. Mbwa hujilamba, mate hukauka, magamba ya ngozi hupukutika, na chembe hizo nyingine ni ndogo kuliko mikroni 5, kiasi cha kuelea hewani muda mrefu na kushika nguo za watu. Zimepatikana hata katika madarasa ya shule ambamo mbwa hajawahi kukanyaga. Manyoya ni mkokoteni tu. Mzigo unatoka kwingine.

Mwaka 2011 watafiti wa hospitali ya Henry Ford, Detroit, walipima vumbi la nyumba 173, kila moja ikiwa na mbwa mmoja. Nyumba zenye mbwa wanaosifiwa kwamba hawaleti mzio hazikuwa na Can f 1 pungufu kuliko nyingine. Mwaka uliofuata Waholanzi walikwenda mbali zaidi, wakapima nywele zenyewe. Za Poodle na za Labradoodle, chotara wa Poodle na Labrador, zilikuwa na Can f 1 nyingi kuliko za Labrador wa kawaida, na hewa ya nyumba zao haikutofautiana. Rais Obama alipomchagua Bo mwaka 2009, mbwa wa Kireno wa majini, kwa sababu binti yake Malia ana mzio, dunia nzima ilisikia kwamba kuna mbwa salama. Tafiti hizi mbili hazikutangazwa hivyo. Na huyo Labradoodle mwenyewe, aliyezalishwa Australia na Wally Conron mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya mama asiyeona wa Hawaii ambaye mumewe alikuwa na mzio, alikuwa na hadithi inayojieleza: walizaliwa watoto wa mbwa 3, na ni mmoja tu ambaye mate na nywele zake hazikumsumbua yule bwana. Mama mmoja, baba mmoja, majibu mbalimbali.

Hapa mwanafikihi wa Mji wa Kale anaweza kutabasamu. Katika madhehebu yake, mbwa mkavu akikugusa nawe u mkavu, huna la kuosha. Unyevu ndio unaohamisha najisi, na mate ndiyo ya kwanza kutajwa. Sidai kwamba hukumu za twahara ni somo la mzio, maana hazikuwekwa kwa ajili hiyo. Lakini aliyelelewa kuyaangalia mate kabla ya manyoya ataielewa Can f 1 upesi kuliko aliyelelewa na matangazo ya wauzaji.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji kabisa: jinsia. Can f 5 hutengenezwa na tezi dume. Jike hana. Wapo watu ambao miili yao huchukizwa na hiyo peke yake, na kwa hao jike wa jamii yoyote ni afadhali kuliko dume wa Poodle mwenye kila cheti. Hilo hujulikana kwa kipimo cha damu, ambacho daktari wa mzio anaweza kukiagiza.

Kipimo kina faida nyingine: huonyesha kama kinachokuwasha si mbwa bali kitu kingine. Utitiri wa vumbi, wale wadudu wasioonekana kwa macho wanaoishi magodoroni, hustawi penye unyevu, na kisiwa cha Mombasa kimezungukwa na maji pande zote. Ukungu wa kutani na mende nao huleta mzio. Mbwa wengi hulaumiwa kwa makosa ya godoro.

Mimi ningeshauri nini? Jike, mwenye manyoya mafupi ya tabaka moja, anayelala uani. Maelezo hayo yanamfaa sana mbwa koko wa mtaani, ambaye ukoo wake umezoea joto na kupe wa Afrika muda mrefu. Ndugu yake wa mbali, Basenji wa Kongo, mwenye koti fupi linalonyonyoka kidogo, alionyeshwa London katika maonyesho ya Crufts mwaka 1937 na siku hizi huuzwa kwa bei kubwa. Koko anakaa bure Makadara. Mchanje kichaa cha mbwa, mtibu minyoo, kisha mwoshe mara mbili kwa wiki. Watafiti wa Manchester walionyesha mwaka 1999 kwamba kuosha hupunguza Can f 1, ila baada ya siku chache inarudi palepale, kwa hiyo mara moja kwa mwezi ni kujichosha bure.

Kabla ya kulipa au kumchukua, mwenye mzio akae na mbwa huyohuyo, si ndugu yake wala mama yake, saa kadhaa, siku tofauti, chumba kimefungwa. Mwenye pumu azungumze kwanza na daktari wake na awe na dawa yake mkononi. Muuzaji asiyekubali hayo, nenda kwa mwingine.