Je, Wajua? Mtoro mmoja, wakimbizi kibao

Kiswahili kina neno mtoro na kina neno mkimbizi, na sote tunajua hayafanani. Mtoro husakwa; mkimbizi hupokewa, au walau huandikishwa jina. Ipo filamu ya mwaka 1944 ambamo wawili hao wanakutana: mtoro yuko mbele ya kamera, wakimbizi wamejaa pande zote zilizobaki. Inaitwa The Seventh Cross, yaani Msalaba wa Saba. MGM ya Hollywood waliitoa huku vita bado vinarindima. Haina rangi, haina mizinga, na haifiki hata saa mbili.

Je, wajua kisa chenyewe? Mwaka ni 1936. Wafungwa saba wanatoroka kwenye kambi ya mateso ya Wanazi nchini Ujerumani. Mkuu wa kambi anaamuru miti saba ifyekwe matawi, na kila mmoja upigiliwe ubao wa kukingama. Misalaba saba, watoro saba. Mmoja baada ya mwingine wanarudishwa au wanakufa njiani. Msalaba wa saba unamsubiri George Heisler.

Waliokulia kwenye vibanda vya video wanaijua kanuni: steringi hafi. Kwa hiyo jina la filamu limeshakupa nusu ya jibu kabla hujakaa. Kinachokushikilia kitini ni swali jingine kabisa: nani atamfungulia mlango, na atalipa nini kwa kuufungua?

Je, wajua kwamba anayesimulia ni marehemu? Ernst Wallau, kiongozi wa watoro, anauawa mapema, lakini sauti yake, iliyoigizwa na Ray Collins, inaendelea kumfuata George barabarani kama mzee asiyekubali kwenda kulala. Sunset Boulevard, filamu ambayo watu huitaja kila mara wanapozungumzia msimulizi aliyekwisha kufa, ilikuja miaka 6 baadaye.

Je, wajua kwamba Spencer Tracy, nyota wa filamu hii, kwa kitambo kirefu mwanzoni hasemi karibu neno lolote? Huyu ni mtu aliyekuwa na Oscar mbili za mfululizo, za mwaka 1937 na 1938, mwigizaji wa kwanza wa kiume kufanikiwa hivyo. Studio inamlipa nyota kama huyo, kisha anatembea tu, anajificha, anatazama mkono wake uliochanika. Binafsi naona huo ndio uigizaji wake bora humu. Akishaanza kusema, unakumbuka kwamba ni Mmarekani kutoka Milwaukee.

Tarehe za kuzaliwa, kwa wanaopenda mambo hayo: Tracy alizaliwa Aprili 1900. Helene Weigel, mwigizaji tutakayemfikia punde, Mei 1900. Anna Seghers, aliyeandika riwaya iliyozaa filamu hii, Novemba 1900. Mwaka mmoja, watu watatu, na ni mmoja tu kati yao ambaye hakuwahi kufungasha virago usiku.

Je, wajua kwamba Anna Seghers si jina lake? Wazazi wake, Wayahudi wa mji wa Mainz kwenye Mto Rhine, walimwita Netty Reiling. Baba yake aliuza kazi za sanaa, naye akasomea sanaa hadi akapata udaktari Heidelberg mwaka 1924, kwa tasnifu kuhusu Wayahudi katika michoro ya Rembrandt. Jina la Seghers aliliazima kwa mchoraji wa Kiholanzi wa zama hizo hizo, Hercules Seghers. Mwaka 1933 vitabu vyake viliingia kwenye moto wa Wanazi, na yeye akaingia Ufaransa.

Je, wajua kwamba mswada nao ulikuwa mtoro? Hapa itabidi nipunguze mwendo. Seghers aliimaliza riwaya yake uhamishoni Ufaransa, akabaki na nakala nne. Moja iliteketea katika shambulio la ndege. Nyingine ilipotelea mikononi mwa rafiki yake. Ya tatu iliangukia kwa Gestapo. Ya nne ikavuka Atlantiki, ikafika salama kwa wachapishaji Marekani. Nakala nne, imepona moja: hesabu mbaya, ingawa watoro wake saba walikuwa na hesabu mbaya zaidi.

Na kabla ya hapo, mwaka 1939, jarida moja la Moscow lilikuwa limeanza kuchapisha sehemu za mwanzo za riwaya hiyo. Kisha Stalin akatia saini mkataba na Hitler. Uchapishaji ukakoma. Riwaya ya Mkomunisti dhidi ya Wanazi ilikuwa imegeuka ghafla kuwa mgeni asiye na kiti.

Wajerumani walipoikaribia Paris mwaka 1940, Seghers alijaribu kukimbia kwa miguu na watoto wake wawili. Jeshi likawapita njiani, ikabidi warudi mjini. Mumewe alikuwa kizuizini katika kambi ya Le Vernet, kusini. Hatimaye, Machi 1941, familia ilipata nafasi katika meli ya mizigo Capitaine Paul Lemerle iliyong'oa nanga Marseille. Je, wajua nani wengine walikuwa katika meli hiyo? Mshairi André Breton, na mwanaanthropolojia Claude Lévi-Strauss. Akili za Ulaya zilikuwa zinasafirishwa kama magunia.

Mwisho wa safari ulikuwa Mexico.

Je, wajua kwamba riwaya iliyoandikwa kwa Kijerumani ilipata wasomaji wake wengi kwanza kwa Kiingereza? Tafsiri ilitoka Marekani mwaka 1942, ikachaguliwa na klabu kubwa ya vitabu ya huko, na mara ikawa katuni za magazetini. Wanajeshi wa Kimarekani nao walipewa chapa yao maalumu, ya kutia mfukoni. Toleo la Kijerumani lilitoka mwaka huohuo, lakini si Berlin: lilitoka jijini Mexico, kwa El Libro Libre, shirika la uchapishaji la wahamishwa wenyewe.

Mwaka huohuo pia mama yake Seghers alisafirishwa kutoka Mainz kwenda Piaski, Poland. Hakurudi.

Na mwaka 1943, kazi ya filamu ikiwa Hollywood, mwandishi aligongwa na gari barabarani jijini Mexico. Aliumia kichwa vibaya, akapoteza kumbukumbu kwa muda.

Je, wajua kwamba mwongozaji Fred Zinnemann alikuwa bado mtu wa filamu ndogondogo? Alizaliwa 1907 katika himaya ya Austria na Hungary, akakulia Vienna, akafika Marekani 1929. Mwanzoni alionekana kama mmoja wa umati wa askari katika All Quiet on the Western Front. Kisha akapewa kazi za filamu fupi, na moja ilipata Oscar ya mwaka 1938. Msalaba wa Saba ndiyo filamu kubwa ya kwanza aliyokabidhiwa, na akakabidhiwa Tracy pamoja nayo. Wazazi wake walikuwa wamebaki Ulaya. Baada ya vita ndipo alipothibitishiwa kwamba wote wawili waliangamia katika mauaji ya Wayahudi. Ukiitazama filamu huku ukilijua hilo, kila mlango unaogongwa usiku unasikika tofauti.

Mpiga picha wake, Karl Freund, alikuwa na historia nene kuliko steringi. Ndiye aliyepiga Metropolis nchini Ujerumani na Dracula Hollywood. Yule mwanga unaomulika ukuta wa kambi na kuuacha uso wa mtu gizani ni ufundi wa Berlin wa miaka ya 1920, umevuka bahari. Na je, wajua alikoishia? Kwenye vichekesho vya televisheni. Kuanzia 1951 alisimamia mwanga wa I Love Lucy, na namna yake ya kuwasha taa jukwaa zima ili kamera tatu zipige kwa pamoja ikawa urithi wa vichekesho vilivyofuata.

Tuwe wakweli lakini: Zinnemann na Freund waliondoka mapema, kabla Hitler hajashika madaraka. Walikuwa wahamiaji. Wakimbizi hasa ndio walioigiza.

Je, wajua kwamba waliokimbia Wanazi ndio waliolipwa kuvaa sare za Wanazi? Hollywood ilitaka lafudhi ya Kijerumani, na wenye lafudhi hiyo walikuwa watu waliofukuzwa Ujerumani. Chukua Alexander Granach. Myahudi kutoka Galicia, mwigizaji mkubwa wa Berlin, ndiye Knock, yule dalali kichaa wa Nosferatu ya 1922. Hitler alipoingia, akakimbilia Umoja wa Kisovieti. Huko nako akatiwa ndani mwaka 1937. Akaachiliwa, akafika Marekani. Katika Msalaba wa Saba anamwigiza Zillich, mlinzi wa kambi, adui wa kukunja ngumi kwelikweli. Alifariki New York Machi 1945, wiki chache tu kabla Ujerumani haijasalimu amri.

Felix Bressart, aliyechekesha watu katika To Be or Not to Be, yumo pia. Naye Myahudi, naye mkimbizi.

Sasa Helene Weigel. Mke wa Bertolt Brecht, mmoja wa waigizaji wakubwa wa jukwaa la Kijerumani wa karne iliyopita. Aliishi uhamishoni California tangu 1941 hadi 1947, akipika na kulea. Katika miaka yote hiyo Hollywood ilimpa nafasi moja: mlinda mlango wa jengo la wapangaji, mwanamke anayechungulia, ndani ya filamu hii. Hasemi hata neno. Je, wajua alichofanya aliporudi? Januari 1949 alipanda jukwaani Berlin kama Mama Courage katika tamthilia ya mumewe, na tukio lililompa sifa duniani ni ukelele usio na sauti: mdomo wazi, shingo imekaza, kimya. Sitadai kwamba Hollywood ilimfundisha. Lakini ilimpa mazoezi ya kutosha ya kunyamaza.

Je, wajua kwamba walioigiza Paul Roeder, rafiki wa zamani wa George, na mkewe Liesel walikuwa mke na mume kweli? Hume Cronyn na Jessica Tandy walioana 1942, na hii ndiyo filamu yao ya kwanza pamoja. Roeder ndiye mtu ninayemrudia kila nikiitazama. Ni mfanyakazi wa kiwandani, mchangamfu, asiyejua siasa. Kazi anayo, watoto wanazidi, serikali inampa marupurupu ya uzazi, na kwake hiyo yatosha kumsifu Hitler. Anamkaribisha rafiki wa zamani chakula, hajui kwamba mji mzima unamsaka. George anapomwambia ukweli, unaona uso wa Cronyn ukihesabu: mke, watoto, kazi. Halafu anamsaidia. Hatoi hotuba yoyote; anatoka tu kwenda kutafuta watu.

Cronyn aliteuliwa Oscar ya mwigizaji msaidizi. Alishindwa na Barry Fitzgerald wa Going My Way, ambaye mwaka huo aliteuliwa mara mbili kwa uhusika mmoja: kama msaidizi na kama mkuu! Sheria zikabadilishwa isitokee tena. Tandy akasubiri hadi 1990, akaichukua Oscar yake akiwa na miaka 80, kwa Driving Miss Daisy.

Kumwonyesha Mjerumani mwema mwaka 1944 halikuwa jambo jepesi. Mabomu yalikuwa yanamwagwa juu ya miji yao na vijana wa Kimarekani walikuwa wanafia Normandy. Ni mwaka huohuo, tarehe 20 Julai, maofisa wa Kijerumani walipojaribu kumuua Hitler kwa bomu.

Je, wajua kwamba filamu nzima ilipigwa California? Mto Rhine unaouona, mbao na rangi zinahusika.

Na je, wajua kwamba Zinnemann alifika hadi kwenye eneo letu la lugha? Mwaka 1958 alipeleka kamera Stanleyville, Kisangani ya leo, kupiga sehemu za The Nun's Story akiwa na Audrey Hepburn. Mwaka 1973 akarudia msako wa polisi katika The Day of the Jackal. Safari hii anayesakwa ni muuaji wa kukodiwa, na bado unajikuta ukiogopa asije akakamatwa. Zinnemann alijua kukufanyia hivyo.

Kutoroka kambini hakukuwa ndoto ya mwandishi. Mei 1933 mbunge Mkomunisti Hans Beimler alitoroka Dachau, akaandika aliyoyaona humo, na mwaka 1936 akauawa vitani Madrid.

La mwisho. Kambi ya Westhofen, ile wanakotoroka watoro saba wa kisa chetu, haikuwepo. Iliyokuwepo ni ya Osthofen, karibu na mji wa Worms, ndani ya kiwanda cha karatasi kilichofungwa. Ilifanya kazi kuanzia Machi 1933 hadi Julai 1934, na leo ni mahali pa kumbukumbu. Seghers alibadilisha mashariki kuwa magharibi tu, kwa maana ost na west ni hayo. Westhofen ya kweli ipo kilomita chache kutoka hapo. Ni kijiji. Wanalima zabibu.