Uteuzi wa Alama za Kunukuu katika Matini Sahili za Kiswahili

Makala haya yanafafanua uteuzi wa alama za kunukuu katika matini sahili, yaani matini ya kompyuta isiyobeba maelezo ya mtindo wa herufi. Hoja ya msingi ni kwamba, katika Kiswahili, uteuzi huo hauhusu sura ya maandishi pekee, bali unagusa tahajia.

Msimbo wa ASCII, uliochapishwa Marekani mwaka 1963, una nafasi 128 tu. Nafasi ya 39 ina alama moja iliyonyooka, inayotumika kama ritifaa na pia kufungua na kufunga nukuu. Katika Kiswahili, ritifaa ni sehemu ya sauti ng', na ndiyo inayotofautisha ng'oa na ngoa. Neno hilo likinukuliwa kwa alama moja moja, yaani 'ng'oa', programu inaweza kudhani kuwa nukuu imeishia kwenye ng, na kuhesabu oa kuwa neno kamili.

Unicode ilileta alama zilizopinda: U+2018 ya kufungua na U+2019 ya kufunga. Hata hivyo, U+2019 ndiyo inayopendekezwa pia kwa ritifaa ya kawaida. Hivyo utata haukuondoka. Aidha, programu nyingi za uandishi hupindisha alama zenyewe. Matokeo yake, ng'ombe huweza kuingia katika kongoo moja kwa misimbo miwili: msomaji huona neno moja, ilhali kompyuta huhesabu maneno mawili. Tena, katika UTF-8 alama iliyopinda huchukua baiti tatu. Faili likisomwa kwa msimbo wa Windows-1252, neno huonekana kama ngâ€™ombe.

Kutokana na hali hiyo, inafaa nukuu ziwekewe alama mbili zilizonyooka, za nafasi ya 34, na alama ya nafasi ya 39 iachiwe ritifaa. Kabla ya kuhesabu maneno, U+2019 ibadilishwe pale tu inapofuata ng na kutangulia herufi nyingine; kuibadilisha kila mahali hugeuza pia alama za kufunga nukuu. Nakala asilia ihifadhiwe, na utaratibu huo uelezwe katika sura ya mbinu za utafiti. Bila hatua hizo, orodha ya marudio ya maneno huakisi mipangilio ya programu badala ya matumizi ya lugha.