Baridi na trakta: mafuta ya hidroliki yanahitaji kupashwa moto kabla ya kazi

Katika majimbo ya North Dakota, Minnesota na Iowa, kaskazini mwa Marekani, mwezi wa kwanza unaleta baridi ambayo mkaaji wa Kalemie au wa Uvira hawezi kuiwazia. Huko North Dakota, usiku wa nyuzi 20 chini ya sifuri haumshangazi mtu. Lakini ng'ombe wanapaswa kula, theluji inapaswa kuondolewa njiani, na kazi hizo zinafanywa kwa trakta. Wakongomani wengi waliopokelewa Marekani kama wakimbizi wanaishi katika majimbo hayo, na mtu aliyekua akilima kwa jembe Fizi au Masisi anaweza kujikuta ameketi kwenye volani ya mashine inayouzwa kwa makumi ya maelfu ya dola.

Jambo la kwanza ambalo dereva mgeni anapaswa kufahamu ni hili: injini kuwaka hakumaanishi kwamba trakta iko tayari kufanya kazi. Injini ya mazutu inaweza kuunguruma vizuri wakati mafuta ya hidroliki bado ni mazito kama asali. Anayevuta leva na kuinua mzigo saa hiyo anaanza kuua pompa bila kujua.

Nguvu inayopita ndani ya mafuta

Hidroliki ni namna ya kupitisha nguvu kwa kutumia mafuta yaliyofungiwa ndani ya mabomba. Pompa inayozungushwa na injini inavuta mafuta kutoka kwenye tangi na kuyasukuma kwa nguvu hadi kwenye silinda. Pistoni iliyo ndani inasogea, na mikono ya chuma inainuka. Muingereza Joseph Bramah alipata hati ya ubunifu wa mashine ya kukandamiza ya namna hiyo mwaka 1795. Katika miaka ya 1930, Harry Ferguson, mzaliwa wa Ireland, aliingiza hidroliki kwenye trakta ndogo ili dereva ainue na kushusha jembe la trakta akiwa ameketi. Mpangilio wake wa kufunga jembe kwa nukta tatu ungali unatumika duniani kote.

Katika trakta nyingi za leo, mafuta ya hidroliki ndiyo hayo hayo yanayolainisha gia na kusaidia breki. Kwa hiyo mafuta yakiwa na shida, karibu trakta nzima inakuwa na shida.

Baridi inaharibu vipi?

Kila mafuta yana mnato, yaani kiwango cha kugoma kutiririka. Kwenye madumu ya mafuta ya hidroliki huandikwa namba kama 32, 46 au 68. Namba hiyo inapima mnato wa mafuta yakiwa kwenye joto la nyuzi 40. Kadiri namba ilivyo kubwa, ndivyo mafuta yalivyo mazito. Lakini mafuta ya kawaida ya namba 46 yakishuka hadi nyuzi 0, mnato wake unapanda zaidi ya mara 10, na chini ya sifuri unaendelea kupanda.

Hapo pompa inavuta, lakini mafuta hayafiki upesi. Kwenye bomba la kuvutia kunatokea utupu, na ndani ya mafuta kunazaliwa mapovu madogo. Mapovu hayo yakifika upande wenye mgandamizo yanapasuka kwa nguvu na kudonoa chuma cha pompa kidogo kidogo. Dereva anasikia pompa ikilia au kukoroma, volani inakuwa nzito, na mikono ya trakta inapanda kwa kushtukashtuka.

Kuna madhara mengine mawili. Mafuta mazito yanashindwa kupita kwenye filta, hivyo vali ya pembeni inafunguka ili pompa isife njaa, na mafuta yanazunguka bila kuchujwa, pamoja na uchafu wake. Tena, mipira inayozuia mafuta kuvuja inakuwa migumu, na ikilazimishwa kufanya kazi ghafla inaweza kupasuka.

Maji nayo ni adui. Tangi lisilojaa linabeba hewa yenye unyevu, na usiku unyevu huo unageuka matone. Mafuta yenye maji yanaonekana meupe kama chai ya maziwa. Kwenye baridi kali maji hayo yanaganda na kuziba filta.

Hatua za kufuata asubuhi

Kazi inaanza kabla ya kuwasha. Katika nchi za baridi, trakta nyingi zina kifaa cha umeme cha kupasha injini, na kinachomekwa saa chache kabla ya kazi. Kuna vingine vya kupasha tangi la mafuta ya hidroliki. Dereva anapima kiwango cha mafuta na kutazama kama kuna yaliyomwagika chini.

Wakati wa kuwasha, anakanyaga ambreyaji hadi mwisho ili mota ya kuwashia isizungushe pia gia zilizolala ndani ya mafuta mazito. Injini ikiwaka, anaiacha kwenye mwendo wa chini kwa dakika chache, bila mzigo wowote.

Baada ya hapo anapandisha mwendo kiasi, kwenye mizunguko 1.200 hadi 1.500 kwa dakika. Kuacha injini ya mazutu kwenye mwendo wa chini kabisa kwa saa nzima si dawa: haipati joto la kutosha na mazutu hayaungui vizuri.

Kisha anazungusha volani taratibu, kushoto na kulia. Anainua mikono ya nyuma ikiwa mitupu na kuishusha, mwanzoni nusu ya mwendo, halafu mwendo mzima. Kama kuna beleshi la mbele, analifanyia vivyo hivyo. Kila mzunguko unarudisha mafuta yenye joto kidogo ndani ya tangi. Hapaswi kung'ang'ania leva wakati silinda imefika mwisho, maana mgandamizo unapanda hadi kikomo na joto linakusanyika mahali pamoja.

Kwa baridi ya nyuzi 10 au 20 chini ya sifuri, kazi hii inaweza kuchukua dakika 20 au zaidi. Pompa ikinyamaza na mikono ikipanda bila kushtuka, hapo ndipo mzigo unaweza kuinuliwa.

Yasiyofaa kabisa ni kuwasha moto chini ya tangi, kwa sababu unaweza kuteketeza trakta nzima, na kuchanganya mafuta ya hidroliki na petroli au mazutu ili yawe mepesi. Mchanganyiko huo unaondoa ulainishaji na kuharibu mipira.

Hatari kwa mwili wa binadamu

Mgandamizo wa hidroliki ya trakta unaweza kufika bar 150 au 200. Tundu dogo kama la sindano kwenye bomba linarusha mafuta yanayoweza kupenya ngozi. Kidonda kinaonekana kidogo, lakini mafuta yaliyoingia yanaua nyama ndani, na aliyeumia asipofanyiwa upasuaji haraka anaweza kukatwa kidole au mkono. Kwa hiyo mvujo hautafutwi kwa mkono. Unatafutwa kwa kipande cha katoni au ubao.

Hatari nyingine ni moshi. Mtu anayekimbia baridi hufunga milango ya banda huku injini ikiunguruma. Moshi huo una hewa ya sumu isiyo na harufu, ambayo huua. Milango ibaki wazi.

Na huku kwetu?

Wakulima wengi wa Kivu wanalima kwa jembe la mkono, lakini jambo hili linaihusu Katanga. Lubumbashi iko kwenye mita karibu 1.200 juu ya bahari, na mwezi wa sita na wa saba joto la usiku hushuka chini ya nyuzi 10. Ni wakati huo huo ambapo mahindi yaliyovunwa yanasafirishwa, na remorki za kumwaga mzigo zinainuliwa kwa hidroliki alfajiri.

Mafuta ya namba 68, yanayochaguliwa kwa ajili ya joto, yanakuwa mazito asubuhi kama hizo. Hapahitajiki kifaa cha umeme: dakika tano hadi kumi za kuzungusha mafuta bila mzigo zinatosha. Sheria hiyo inazihusu pia mashine za kuchimba na tingatinga za machimboni Kolwezi na Fungurume, maana nazo zinaendeshwa na hidroliki.

Inafaa kukumbusha kwamba kila trakta ina kitabu chake kinachotaja aina ya mafuta na muda wa kuyabadilisha. Pompa ikifa, kipuri kinaweza kuagizwa mbali na kuchukua wiki nyingi kufika. Mvua za mwezi wa kumi na moja hazimsubiri mkulima anayesubiri kipuri.